Rangi ya Cheruto

Mimi na Kahiga hatukupatana tangu mwanzo, na sitadanganya mtu eti kwa sababu siku hizi tunakula meza moja. Siku aliyokuja kwetu kumposa mdogo wangu Cheruto, alikuja na kamera shingoni. Wazee wameketi, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, imemiminwa, mchungaji yuko katikati ya maombi, na yeye anainuka polepole kwa sababu kuna ndege ametua kwa ua. Baba alifungua jicho moja, akamtazama, akalifunga tena. Huko jikoni nilimwambia Cheruto, "Huyu utampikia, na atakula akiangalia dirisha." Cheruto alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa mtu wa kucheka, huyo msichana, na kicheko chake ndicho ninachokikosa zaidi asubuhi nikifungua duka.

Duka langu ni la maziwa, hapa Njoro, karibu na lango la chuo. Mlango wa tatu kutoka kwangu ni studio ya Kahiga. Anapiga picha za pasipoti, za kuhitimu, za harusi, za watoto waliobatizwa. Na mteja wa studio, niwaambie ukweli, hataki sura yake. Anataka sura yake ikiwa imeoshwa. Msichana anaingia pale mweusi vizuri, ngozi inameta, halafu anamwambia, "Boss, nifanye niwe yellow yellow." Basi Kahiga akashika mazoea. Akiinua kamera mbele ya mtu, kidole chake chenyewe kinaongeza mwanga kabla hata kichwa hakijafikiri. Halafu akifika kwa kompyuta anaongeza tena. Unatoka hapo mashavu yanang'aa, kovu hakuna, chunusi hakuna, na pua yako ukiitafuta sana utaipata.

Watu walipanga foleni. Hata mimi nilipiga picha pale ya kuweka ukutani, na nilimwambia kwa mdomo wangu huu, "Shemeji, usinihurumie, ongeza." Nisijifanye mtakatifu.

Lakini roho ya Kahiga haikuwa kwa studio, ilikuwa kwa ndege. Kila Jumamosi kabla jua halijapanda alikuwa anawasha pikipiki yake, Cheruto nyuma na flaski ya chai, wanateremka mpaka Ziwa Elementaita. Huko kuna mwari, kuna flamingo, na kuna yangeyange, wale weupe wenye miguu myembamba wanaosimama ukingoni mwa maji kama askari wa lango. Kahiga aliwapenda yangeyange kuliko wote. Alikuwa anarudi na picha mia mbili, anatuonyesha, na ndege kwenye hizo picha ni mweupe pe! Hana bawa, hana shingo, ni weupe mtupu uliokaa kwa maji. Na yeye anatabasamu. Alidhani ndege ni kama bibi harusi, ukimng'arisha atakushukuru.

Aliyemtoa huo ujinga ni Mama Nderitu. Huyu ni mwalimu mstaafu anayeishi Milimani kule Nakuru, mama wa sketi ndefu na darubini, ambaye kwa miaka mingi amezunguka maziwa yetu na wenzake wakihesabu ndege. Kahiga alimpelekea picha zake bora, amezisafisha kwa karatasi nzuri, anangoja sifa. Mama Nderitu akavaa miwani.

"Kahiga, manyoya yako wapi?"

"Si hayo hapo, Mama."

"Nionyeshe moja tu."

Kahiga akatafuta. Akageuza picha huku na huku. Hakukuwa na unyoya hata mmoja.

"Umemuunguza," Mama Nderitu akasema. "Kamera yako haina akili. Ikiona maji meusi mengi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Na wewe na kidole chako cha harusi unaongeza tena juu yake. Huyu ndege mdogo katikati atapona wapi?"

Akamfundisha kama anavyofundisha mtoto wa darasa la tatu. Yangeyange akiwa mdogo kwenye maji meusi, punguza mwanga mpaka manyoya yaonekane, hata kama vingine vyote vitakuwa giza. Akijaza picha nzima, ongeza kidogo, la sivyo kamera itamfanya kijivu. Mnandi mweusi akipita angani, ongeza. Halafu akamwambia apige picha mbichi, yaani ile ambayo kamera haijaipika, ili ihifadhi kila kitu ilichokiona. Na asifute chochote hadi akitazame kwa kompyuta. Kahiga alirudi Njoro kama mtu aliyechapwa. Alikuja kwa duka langu, akaniomba maziwa lala, akanywa glasi mbili. Cheruto akanikonyeza kutoka nyuma yake, na tulicheka sana alipoondoka.

Hayakupita majuma mawili, Cheruto akafa. Homa ya mapafu, siku tatu. Alhamisi alikuwa ananisaidia kubeba mikebe ya maziwa, Jumatatu tunachagua sanduku. Alimwacha Shiru, binti yao wa pekee, ana miaka miwili na anauliza mama ameenda choo gani hicho cha kukaa hivyo.

Kwa karatasi ya maziko tulitumia picha ya harusi. Kahiga alikuwa ameipiga na kuitengeneza mwenyewe, na alikuwa ameitengeneza kwa mapenzi, yaani kwa mwanga mwingi. Watu wakaishika kanisani wakisema, "Woi, alikuwa mrembo." Mimi niliitazama nikaona mgeni. Mdogo wangu alikuwa mweusi, wa weusi wetu sisi wa kwetu. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na alama ya kuungua kwa maziwa moto alipokuwa mtoto, na ni mimi niliyemwaga hayo maziwa. Kwenye picha alama haikuwepo. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, maana siku ya maziko si siku ya kugombana, na Mungu anajua nilitaka sana kugombana na mtu.

Picha hiyo ikapanda ukutani kwa Kahiga, na miaka minne ikapita. Kahiga hakwenda tena ziwani. Kamera ya ndege ilining'inia kwa msumari. Shiru alikaa kwangu mchana na kwa baba yake jioni, akakua, akaingia gredi ya kwanza.

Halafu muhula uliopita akaja na mchoro. Mwalimu alikuwa amewaambia wachore familia. Shiru alimchora baba yake wa kahawia. Akanichora mimi wa kahawia, mnene kuliko nilivyo, lakini hayo yapite. Akajichora mwenyewe, kahawia iliyokolezwa mpaka krayoni ikavunjika. Na kando, kwenye mawingu, akamchora mama yake kwa krayoni ya pinki.

"Shiru, mbona mama ni pinki?"

"Mama alikuwa mweupe, anti. Si unaona picha?" Akaninyooshea kidole ukutani, maana tulikuwa kwao. Halafu akauliza, akiniangalia usoni, "Na mimi nitakuwa mweupe nikikua? Ama mimi sikufanana na yeye?"

Ai! Mtoto ambaye kijiji kizima kinasema ni mama yake mtupu, kutoka paji la uso mpaka vidole vya miguu, na yeye anadhani hakuchukua kitu! Nilimwambia amefanana naye kabisa, akatikisa kichwa kwa upole, vile watoto hufanya wakijua mtu mzima anawadanganya. Kwake ushahidi ulikuwa ukutani.

Niliingia kwa studio ya Kahiga bila kubisha. Kulikuwa na mwanafunzi kwenye kiti, amevaa joho, amekaza shingo. Nikamwambia atupishe. Akatupisha.

"Kahiga, ulimwosha dada yangu mpaka mtoto wake hamjui!" Nikaweka mchoro mbele yake. "Nataka picha moja. Moja tu, yenye Cheruto wa kweli. Usiponipa, hiyo ya ukutani nitaichoma."

Kahiga alipitisha kidole juu ya ile pinki. Yeye si mtu wa kujibu haraka, na hilo pia huniudhi. Mwishowe akasema, "Shemeji, unadhani sijatafuta?"

Akafungua kompyuta, akanionyesha. Miaka minne alikuwa ametafuta kimya kimya, huyu mtu, na mimi mlango wa tatu sikujua. Picha za harusi, za Krismasi, za Shiru akizaliwa. Zote alizipiga kwa kile kidole chake, na zote alikuwa ameshahifadhi zile zilizong'arishwa juu ya zile za kwanza ili kompyuta isijae. Simu ya Cheruto nayo ilikuwa ya aina ile inayolainisha uso yenyewe. Kitambulisho chake, alipokufa, tulikirudisha kwa chifu. Mimi nilikuwa na picha yake ya darasa la nane, wamesimama sitini, na kichwa chake ni cha ukubwa wa maharagwe.

"Basi punguza mwanga kwa hii," nikasema. "Si uliongeza? Punguza!"

Akapunguza ile ya harusi mbele ya macho yangu. Uso haukurudi kuwa mweusi. Uligeuka kijivu, bapa, rangi ya uji wa jana. Alama chini ya jicho haikutokea.

"Penye kuungua hakuna kitu," Kahiga akasema. "Kamera haikuandika chochote hapo. Naweza kupaka giza, lakini siwezi kurudisha."

Nilimwelewa, mimi ni mtu wa maziwa. Maziwa yakishaungua sufuriani hata uongeze nini harufu ni ile ile. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia kwa hasira, na yeye akasimama hapo ameshika kitambaa cha kufutia lenzi, hajui anipe ama asinipe.

"Na giza je?" nikamuuliza, ili tu niseme kitu. "Penye giza kitu kinarudi?"

"Giza afadhali. Giza huweka vitu. Hasa kwa picha mbichi, unaweza—"

Akakiweka kitambaa mezani.

"Kuna asubuhi moja," akasema.

Akanisimulia akiwa bado amesimama. Jumamosi ile baada ya kufundishwa na Mama Nderitu, alikwenda Elementaita na Cheruto kujaribu. Alipunguza mwanga mpaka manyoya yakatokea moja moja, akafurahi kama mtoto, lakini ukiacha ndege, picha nzima ilikuwa nyeusi tii. Maji meusi, milima myeusi, kila kitu. Aliziingiza kwa kompyuta, akasema atazitazama baadaye. Ndiyo ilikuwa safari yao ya mwisho. Cheruto alipokufa hakuweza kulifungua hilo faili, na hakuona sababu ya kujitesa, maana alijua ndani yake kuna ndege tu.

"Yeye alikuwa wapi ukipiga?" nikauliza.

"Kando. Kwa ukingo, na flaski."

"Kando wapi, Kahiga? Fungua!"

Hakufungua. Alisema ana mteja. Nikamwambia ole wake. Akasema, "Shemeji, tafadhali, Jumapili." Nikamwachia. Nina hasira lakini sina roho mbaya.

Jumapili tulitoka kanisani tukaja moja kwa moja, bado na nguo za ibada. Shiru tukamwacha kwenye ngazi ya nje na andazi. Kahiga akafunga pazia, akafungua faili, na tukaanza. Yangeyange amesimama. Yangeyange ameinamisha shingo. Yangeyange ameshika samaki. Mimi si mtu wa ndege, lakini nitasema haki yake: walikuwa wazuri. Ungeweza kuhesabu manyoya ya kifuani. Kuwazunguka ni giza, na Kahiga kila mara akiinua lile giza kidogo aone kilichomo, na kilichomo ni maji na mawe. Tulipita mia moja na arobaini. Nilianza kuumwa na mgongo.

Halafu ndege akaruka. Kahiga alikuwa amemfuata na kamera akiruka kandokando ya ukingo, picha baada ya picha, mabawa juu, mabawa chini. Kwenye moja, nyuma ya bawa upande wa kushoto, kulikuwa na kitu kirefu cheusi.

"Hiyo ni nini, mti?" nikauliza.

"Hapo hakuna mti," Kahiga akasema.

Akaivuta ikawa kubwa. Akaanza kuinua giza, lakini la sehemu hiyo peke yake, ndege amemwacha alivyo. Aliinua polepole sana. Kwanza ikatoka leso ya kichwa. Halafu bega. Halafu ukatoka uso, ukiwa na chengachenga kama televisheni ya zamani, lakini ni uso. Pengo la meno. Ile pua yetu. Na chini ya jicho la kushoto, alama.

Nilipiga mayowe. Nilikuwa na hamu ya huyo mtu miaka minne, hamu ya kuamka nayo na kulala nayo, na sasa yuko hapo, nataka kuingiza mkono ndani nimshike bega.

Mkono wa Kahiga haukusimama. Uliendelea kuinua, na uso ukaendelea kung'aa, kahawia, maji ya kunde, karibu na dhahabu. Nikaushika mkono wake kwa nguvu.

"Wacha! Unaanza tena!"

Akaachia kipanya kama ameguswa na moto. Akarudisha nyuma kidogo. Akaangalia. Akarudisha tena, akaongeza tena. Halafu akanigeukia, na niliona hofu kwenye macho yake.

"Shemeji, alikuwa hivi?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikatazama. Akamfanya mweusi zaidi, nikaona ndiye. Akamwinua kidogo, nikaona pia ndiye. Hivi? Hivi? Sikujua! Mimi, niliyembeba mgongoni, niliyemnyoa nywele akiwa na chawa, sikujua rangi ya mdogo wangu. Ile picha ya ukutani ilikuwa imemfuta hata kwangu. Na nilikuja pale na kelele zangu zote, namlaumu mtu.

"Sikumbuki," nikasema. "Kahiga, nisamehe, sikumbuki."

"Hata mimi," akasema.

Tulikaa hapo kama watu wawili waliopotea njia ya nyumbani kwao. Ni yeye aliyeinuka, akafungua mlango, akaita, "Shiru, kuja."

Shiru akaingia na sukari ya andazi kwenye shavu. Kahiga akampangusa mikono, akampandisha kwenye kiti, akaushika mkono wake wa kushoto, akauweka kando ya skrini, karibu kabisa na ule uso. Akafungua pazia ili mwanga wa mchana uingie. Hapo ndipo nikaelewa anachofanya. Akapunguza kidogo, akaangalia mkono wa mtoto. Akaongeza nusu, akaangalia. Mtoto ametulia tuli, anadhani ni mchezo. Akagusa mara ya mwisho, na mkono na uso vikawa kitu kimoja, hungeweza kuona mpaka.

"Hapo," nikasema. "Hapo hapo. Usiguse tena."

"Ni nani?" Shiru akauliza.

"Ni mama yako," Kahiga akasema.

Shiru aliuangalia mkono wake, akauangalia uso. Akaugeuza mkono, upande wa nje, upande wa kiganja, halafu tena upande wa nje. Akaupeleka kwenye skrini mwenyewe, bila kushikwa na mtu, akauacha hapo. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa kwamba amechoka. Halafu akauliza jambo ambalo sisi wawili, na macho yetu ya watu wazima, hatukuwa tumeliona.

"Mbona haangalii ndege?"

Ndege alikuwa amepita mbele yake kabisa, karibu wa kuguswa, mabawa wazi. Mtu yeyote angemwangalia. Cheruto alikuwa anaangalia upande wetu, kwenye kamera, au juu ya kamera kidogo, mdomo umefunguka kama mtu aliyeitwa ghafla.

"Anamwangalia baba yako," nikasema.

Kahiga alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikuwa nimempigia kelele," akasema. Hakuwa anatuambia sisi, sidhani. "Nilimwambia atoke, ananiharibia picha."

"Na akatoka?" Shiru akauliza.

Kahiga akabonyeza kwenda kwa picha inayofuata. Yangeyange alikuwepo, kila unyoya unaonekana, na nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Rudisha," Shiru akasema. "Baba, rudisha."